Faili lililofutwa kwenye ghala la mbali huendelea kuishi

NI jambo linaloweza kumpata mtengenezaji yeyote wa programu za kompyuta. Jioni imeingia, kazi imekwisha kutumwa kwenye seva, ndipo mhusika anapotambua kwamba pamoja na kazi hiyo ametuma pia faili lisilopaswa kuonwa na mtu mwingine. Laweza kuwa faili la manenosiri, orodha ya wateja na namba zao za simu, au ufunguo wa kuingilia hifadhidata ya kampuni. Anafungua kivinjari, anakwenda moja kwa moja kwenye ghala lililo mbali, analibofya faili lile na kulifuta. Linatoweka. Anazima kompyuta na kwenda kulala.

Kutoweka huko ni kwa macho tu. Faili lingalimo ghalani, na yeyote mwenye ruhusa ya kusoma historia ya ghala hilo aweza kulitoa kwa amri moja.

Ghala linalozungumziwa hapa ni lile linalotunza matoleo yote ya programu tangu siku ilipoanza kuandikwa. Halifanani na kabati la mafaili. Lafanana zaidi na leja ya mhasibu wa zamani, ambamo kosa halikwanguliwi kwa wembe bali huandikiwa mstari mwingine wa kulisahihisha, na mstari wa kwanza ukabaki unasomeka. Amri ya kufuta nayo ni mstari mmojawapo katika leja hiyo. Husema kwamba kuanzia toleo fulani faili hili halimo tena. Kuhusu matoleo yaliyotangulia haisemi neno.

Mifumo ya namna hii si mipya. Marc Rochkind wa maabara za Bell nchini Marekani aliunda SCCS mwaka 1972, na miaka kumi baadaye Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akaleta RCS. Mwaka 1986 Dick Grune, mhadhiri wa Amsterdam, alitoa CVS, mfumo uliowezesha watu wengi kufanya kazi kwenye mafaili yale yale kwa wakati mmoja. CVS ndiyo iliyotawala miaka ya 1990, na ndiyo iliyowafundisha watu wengi kwamba kufuta kwenye ghala ni jambo lenye taratibu zake.

Katika CVS, mtu alitakiwa kuliondoa faili kwanza kwenye nakala yake ya kazi, kisha kuiarifu seva, kisha kulikabidhi badiliko hilo rasmi. Seva haikulitupa faili. Ililihamishia katika saraka maalumu iliyoitwa Attic, yaani dari ya nyumba, mahali ambapo watu wa Ulaya huweka vyombo wasivyovitumia. Huko faili lilikaa na historia yake yote, likisubiri siku ambayo mtu angelihitaji.

Waliokuwa na ruhusa ya kuingia kwenye seva yenyewe waliweza kupita mlango wa nyuma na kulifuta faili la historia kwa amri ya kawaida ya Unix. Hao ndio walioliangamiza faili kikwelikweli, na gharama yake ilikuwa kwamba matoleo yote ya zamani yaliyolitegemea hayakuweza tena kujengwa upya kama yalivyokuwa.

Amri moja, bila nakala

Njia halali ya kufuta moja kwa moja ililetwa na Subversion, mfumo ulioanzishwa na kampuni ya CollabNet mwaka 2000 kwa nia ya kurithi kiti cha CVS. Toleo lake la 1.0 lilitoka Februari 2004. Humo, mtumiaji halazimiki kuwa na nakala yoyote ya kazi kwenye kompyuta yake. Huandika “svn delete”, akafuatisha anwani kamili ya faili kama ilivyo kwenye seva, akaongeza ujumbe mfupi wa sababu, na kazi imekwisha. Saraka yenye mafaili elfu moja huondoka kwa mstari huo huo mmoja.

Urahisi huo una manufaa ya kweli. Msimamizi wa mradi mkubwa anayetaka kuondoa tawi la zamani hana haja ya kupakua gigabaiti kadhaa ili tu azifute. Na kwa kuwa Subversion hukabidhi mabadiliko kwa mkupuo, ama yote yanaingia au hakuna linaloingia, amri ikikatika njiani kwa sababu ya mtandao mbovu ghala halibaki nusu nusu.

Hata hivyo, njia hiyo inaruka kizingiti kimoja kilichowekwa kwa makusudi. Mtu anayefuta faili kupitia nakala yake ya kazi, na ikawa mwenzake amelibadilisha faili hilo dakika chache zilizopita, seva hukataa ombi lake na kumwambia kuwa nakala yake imepitwa na wakati. Hulazimika kusasisha, na katika kusasisha huiona kazi ya mwenzake. Anayefuta kwa anwani haulizwi swali hilo. Hufuta kilichopo wakati ule, awe amekiona au hajakiona.

Wenzake nao hupata habari wanaposasisha nakala zao: faili linaondoka kwenye kompyuta zao bila kuaga. Aliyekuwa amelifanyia mabadiliko ambayo hajayakabidhi habebwi na mkondo huo. Faili lake linabaki, lakini hupewa onyo la mgongano ambalo kwa mara ya kwanza humchanganya kila mtu.

Kulirudisha ni rahisi. Kila mabadiliko katika Subversion hupewa namba, na namba hiyo ni ya ghala zima. Ikiwa faili lilifutwa katika toleo la 809, hunakiliwa kutoka toleo la 808 kwa amri ya “svn copy”, nayo yaweza kutekelezwa seva kwa seva pasipo kupakua chochote. Faili hurudi pamoja na historia yake. Ni kwa sababu hii wasimamizi wengi hawahofii kufuta katika Subversion. Wanachohofia ni ile hali nyingine, ya kutaka kitu kisirudi kamwe.

Kwa hali hiyo Subversion haina amri. Ombi la kuwa na njia ya kuangamiza faili pamoja na historia yake lilisajiliwa na watengenezaji wake tangu mwaka 2001, nalo limebaki kuwa miongoni mwa madai ya kale zaidi ya mradi huo. Kinachofanyika badala yake ni kazi ya mkono mzito: ghala zima linamiminwa katika faili moja, linapitishwa kwenye chujio linaloacha nje njia isiyotakiwa, kisha ghala jipya linajengwa kutokana na kilichobaki. Kwa ghala kubwa shughuli hiyo huchukua saa nyingi, na seva husimama muda wote huo. Perforce, mfumo wa kibiashara unaopendwa na watengenezaji wa michezo ya kompyuta, unayo amri ya namna hiyo, na jina lake, “obliterate”, maana yake ni kufuta pasibaki alama.

Git na swali lisilo na jibu la moja kwa moja

Aprili 2005 Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, aliandika mfumo wake mwenyewe baada ya wenye BitKeeper kuondoa ruhusa ya bure waliyokuwa wamewapa watengenezaji wa Linux. Mfumo huo, Git, ndio unaotumiwa leo katika sehemu kubwa ya kazi za programu duniani. Na ndio unaowatatiza zaidi waliozoea Subversion, kwa maana swali la kwanza wanalouliza ni wapi ilipo amri ya kufuta faili kwa anwani. Haipo.

Sababu yake iko katika umbile la mfumo wenyewe. Katika Subversion kuna ghala moja, na wengine wote wana nakala za kazi tu. Katika Git kila mtu analo ghala kamili lenye historia yote, na ghala la mbali ni mwenzao tu waliyekubaliana kukutana kwake. Tena ghala hilo la mbali kwa kawaida halina hata mafaili yaliyotandazwa. Lina vitu vilivyofungashwa, kila kimoja kikiwa na jina la herufi na tarakimu 40 linalokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake. Hakuna faili la kunyoosha kidole na kusema hili liondoke.

Njia ya kawaida, basi, ni kulifuta faili kwenye ghala la nyumbani, kuandikisha badiliko hilo, na kulituma kwa “git push”. Ghala la mbali hupokea toleo jipya lisilo na faili hilo. Anayetaka faili liondoke kule lakini libaki kwenye kompyuta yake, kama ilivyo kwa faili la mipangilio yake binafsi, hutumia “git rm --cached”, kisha huliandika jina lake katika “.gitignore” ili lisitumwe tena. Wengi huanza na hiyo hatua ya pili wakidhani yatosha. Haitoshi; orodha hiyo haina mamlaka juu ya faili ambalo Git imekwisha kulifuatilia. Na jambo jingine husahaulika: wenzake watakapopokea badiliko hilo, nakala zao za faili hilo zitaondoka, kwani “libaki” lilikuwa lake peke yake.

Kitufe cha kufuta kilichomo katika tovuti za GitHub, GitLab na Bitbucket huonekana kama kinavunja kanuni hii. Sivyo. Seva za tovuti hizo humfanyia mtumiaji kazi ile ile kwa niaba yake: huunda toleo jipya lisilo na faili, hubandika jina lake na ujumbe aliouandika, na kusogeza mbele alama ya tawi. Ndiyo maana hutakiwa kuchagua kama badiliko liingie moja kwa moja kwenye tawi kuu au lipite kwenye tawi jipya likaguliwe kwanza na wengine. Programu zinazofuta faili GitHub kwa kupitia mlango wake wa kiufundi hudaiwa pia zitaje ile namba ya utambulisho ya faili wanalolifuta. Ikiwa faili limebadilika tangu walipolisoma, ombi hukataliwa. Kwa hapo GitHub imekirudisha kile kizingiti kilichorukwa na Subversion.

Kinachoweza kufutwa moja kwa moja kwenye ghala la mbali la Git ni tawi, kwa “git push origin --delete” na jina lake. Lakini tawi ni alama tu inayoonyesha toleo. Kuliondoa ni sawa na kung'oa kibao cha mtaa, nyumba hazihami.

Ufunguo uliosahauliwa

Ubaya wa haya yote huonekana pale faili lenyewe linapokuwa na siri. Mwaka 2016 wadukuzi wawili waliingia katika ghala la faragha la msimbo la Uber lililokuwa GitHub. Ndani ya msimbo walikuta ufunguo wa kufungulia hifadhi ya kampuni hiyo kwenye seva za Amazon, na humo wakachukua taarifa za watu milioni 57, abiria na madereva, zikiwamo namba za leseni za madereva wapatao 600,000 wa Marekani. Uber iliwalipa dola 100,000 na kukaa kimya. Habari zilipotoka Novemba 2017 kampuni ilijikuta mikononi mwa waendesha mashitaka wa majimbo yote 50, na Septemba 2018 ikakubali kulipa dola milioni 148. Mkuu wake wa usalama wa wakati huo, Joe Sullivan, alitiwa hatiani mwaka 2022 kwa kuficha tukio hilo.

Mwaka huo huo wa 2022 Toyota ilitangaza kwamba sehemu ya msimbo wa huduma yake ya T-Connect ilikuwa wazi GitHub tangu Desemba 2017, ikiwa na ufunguo wa seva yenye anwani za barua pepe za wateja 296,019. Karibu miaka mitano. GitHub wenyewe hawakusalimika: Machi 2023 walilazimika kubadilisha ufunguo mmojawapo unaotambulisha seva zao baada ya kugundua kwamba ulikuwa umeonekana kwa muda mfupi katika ghala la wazi. Hatua yao yafaa kuangaliwa. Kuliondoa faili hakukuwatosha. Ufunguo wenyewe ulitupwa na mwingine ukachongwa.

Huo ndio ushauri wa kwanza, na GitHub huuweka mbele ya mengine yote: siri iliyokwisha kutumwa kwenye ghala ihesabiwe kuwa imevuja. Nenosiri libadilishwe, ufunguo ufungwe, kisha ndipo faili lishughulikiwe. Anayeanza na faili huwapa wengine muda, kwa kuwa zipo programu zinazopita usiku na mchana katika maghala ya wazi zikitafuta maandishi yenye umbo la ufunguo. Tangu mwaka 2024 GitHub imekuwa ikizuia yenyewe, katika maghala ya wazi, utumaji wa mafaili yenye funguo za aina zinazotambulika, jambo linalosaidia lakini halizitambui siri zote.

Kuhusu orodha za watu, nenosiri jipya halisaidii kitu. Jina na namba ya simu havibadilishwi. Katika Afrika Mashariki suala hili sasa lina sura ya kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 humtaka anayetunza data amwarifu Kamishna ndani ya saa 72 tangu alipotambua kuwa data zimefikiwa na asiyeruhusiwa na kuna hatari ya kweli kwa wenye data. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Eneo hili lina miradi iliyo wazi kwa dunia nzima kusoma, kama vile Ushahidi, iliyozaliwa Kenya mwaka 2008 katika ghasia za baada ya uchaguzi, na mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wa OpenMRS, ambao historia yake haitengani na hospitali za Eldoret. Msimbo kuwa wazi hakuna ubaya. Ubaya ni faili la majaribio lenye majina ya wagonjwa halisi kuingia humo kwa bahati mbaya.

Anayetaka kulifuta faili katika historia yote ya Git hana budi kuiandika historia upya. Kwa miaka mingi ilitumika amri ya “git filter-branch”, polepole na yenye mitego. Siku hizi miongozo ya Git yenyewe humwelekeza mtu kwenye “git filter-repo”, programu iliyoandikwa na Elijah Newren, na wapo wanaopendelea BFG ya Roberto Tyley. Programu hizi hupita toleo kwa toleo zikiliondoa faili, na kwa kuwa jina la kila toleo hutokana na yaliyomo pamoja na toleo lililolitangulia, majina yote tangu faili lilipoingia hubadilika. Historia hiyo mpya haipokelewi ghalani kwa hiari. Hutumwa kwa nguvu.

Kazi haiishii hapo, na hapa ndipo wengi hukwama. Kila mwenzake mwenye ghala la zamani anapaswa kulitupa na kuchukua jipya, la sivyo akituma tena kazi yake faili hurudi nalo. Nakala walizojitolea watu wengine chini ya majina yao hubaki kama zilivyo. Kumbukumbu za maombi ya mabadiliko nazo hushikilia matoleo ya zamani, na kuyaondoa hayo hadi maofisa wa huduma wa GitHub waombwe. Hata kwenye kompyuta ya mtu mwenyewe Git haiharakishi kutupa. Kwa mipangilio yake ya kawaida, kumbukumbu za matoleo yasiyofikika tena hukaa siku 30 kabla ya kuanza kufagiwa.

Siku ghala lenyewe linapofutwa

Ung'ang'anizi huo wa mafaili huwafanya watu wajisahau. Ghala hulinda kilichomo dhidi ya makosa ya ndani yake, halijilindi lenyewe.

Novemba 2013 mtengenezaji mmoja wa mradi wa Jenkins alituma kwa nguvu, pasipo kukusudia, alama za matawi ya zamani katika maghala 186 ya mradi huo. Kazi ya karibuni ikaonekana imetoweka. Ilirejeshwa kwa msaada wa GitHub na kwa nakala zilizokuwa kwenye kompyuta za watu, kwa kuwa vitu vilivyofungashwa havikuwa vimeguswa, ni vibao tu vilivyohamishwa.

Mradi wa KDE ulikuwa umeponea tundu la sindano Machi mwaka huo huo. Mfumo wa mafaili wa seva yake kuu uliharibika, na seva ndogo zilizopangwa kuiga kila kinachotokea huko ziliiga pia uharibifu: orodha ya maghala ilipopotoka, nazo zikafuta nakala zao kwa utii. Takriban maghala 1,500 yangepotea. Yaliokolewa na seva moja tu ambayo kwa bahati haikuwa imefuata mkumbo huo.

Code Spaces hawakupata bahati hiyo. Kampuni hiyo ilikuwa ikiwatunzia watu maghala ya Subversion na ya Git, na iliwaahidi wateja kuwa kazi zao zina nakala za akiba. Juni 2014 seva zake zilishambuliwa, na mshambuliaji, aliyekuwa amekwisha kuingia katika ukurasa wa kusimamia seva zake za Amazon, akadai fedha. Wenye kampuni walipojaribu kumfungia mlango kwa kubadilisha manenosiri, alianza kufuta. Nakala za akiba zilikuwa chini ya ukurasa ule ule. Katika muda wa saa 12 sehemu kubwa ya data, mashine na akiba ilikuwa imekwenda, na kampuni ikatangaza kwamba haiwezi kuendelea na biashara. Wateja waliokuwa na Git walibaki na historia zao kwenye kompyuta zao wenyewe. Waliokuwa na Subversion walibaki na nakala za kazi, yaani toleo la mwisho walilolipakua, na si zaidi.

Leo GitHub huruhusu maghala mengi yaliyofutwa na wenyewe kurejeshwa ndani ya siku 90. Wasimamizi wa Subversion nao wanaweza kuweka kwenye seva hati ndogo inayokagua kila badiliko kabla ya kulipokea, na kukataa ombi lolote la kufuta saraka kuu, hata likitoka kwa mtu mwenye ruhusa zote za kuandika.

Kwa upande wa mafaili yasiyotakiwa kuonekana, zipo nakala ambazo hakuna amri inayozifikia. Software Heritage, mradi ulioanzishwa mwaka 2016 na taasisi ya Inria ya Ufaransa, hukusanya na kutunza msimbo wa wazi kutoka pande zote za dunia, pamoja na historia zake. Februari 2, 2020 GitHub nao walipiga picha ya maghala ya wazi yaliyokuwa hai, wakaichapa kwenye mikanda ya filamu na kuihifadhi Julai mwaka huo katika mgodi wa makaa ya mawe ulioachwa huko Svalbard, kaskazini mwa Norway. Mikanda hiyo imekusudiwa idumu miaka 1,000. Nenosiri lililokuwa kwenye tawi kuu la ghala lililochaguliwa siku hiyo limo mgodini, hata kama mwenyewe alilifuta asubuhi iliyofuata.